Ndiyo Nyingi za Mwalugesha

Mimi nikikasirika nasikika mtaa mzima wa Kambarage, mke wangu Martina anajua, ndiyo maana habari hii naisimulia nikiwa nimeshakula. Ni habari ya Violeth Maduhu, mama Nelly, mdadisi. Kama hujui mdadisi ni nani, ni yule anayekuja kwako na kishkwambi mkononi, anakalia kiti chako, anakuuliza una kuku wangapi na choo chako umekiezeka kwa kitu gani, halafu anakushukuru na kuondoka na majibu yako. Mimi ndiye dereva niliyekuwa nambeba. Naitwa Abel. Sifa sijawahi kupewa na mtu, lakini gari langu halijawahi kulala porini.

Violeth alizaliwa upande wa Kishapu, akaolewa Geita na mwanaapolo, mchimbaji wa yale mashimo wanayoyaita maduara. Mume alipokuwa chini ya ardhi, mke alikuwa mwaloni, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu. Aliponda mawe, akaosha, kisha akachanganya zebaki kwa mikono mitupu ili ikamate vumbi la dhahabu. Miaka ikaenda. Dhahabu ilikuwa ya wengine, ngumi za mume zilikuwa zake. Siku moja akataka kumshonea Nelly kifungo cha sare ya shule, uzi ukakataa kuingia kwenye sindano kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Hakungoja kuambiwa na mtu kwamba ni zebaki. Akamshika mtoto mkono, akaja Shinyanga mjini, akapanga chumba kimoja Ngokolo.

Alikuwa na cheti cha kidato cha nne na sauti ya upole, na kwa kazi ya udadisi hivyo vinatosha kuanzia. Utafiti wa vyandarua ukamchukua, ukaja wa mbegu, ukaja wa maji. Mikono ikatulia. Tukiwa njiani alipenda kunionyesha, anainyoosha mbele ya kioo cha gari na kusema, "Tazama, kaka Abel, imetulia kama ya daktari wa upasuaji." Mimi namwambia ashushe mikono, ananizibia barabara.

"Nikiipoteza kazi hii," aliwahi kuniambia, "mlango mwingine ninaoujua ni wa mwaloni tu. Na mikono hii ikirudi kwenye zebaki mara ya pili, haitatoka salama." Hayo alisema bila machozi, akaendelea kula karanga.

Basi akaja Daktari Deusdedit. Huyu ni msomi wa chuo kikuu, mtu mwembamba, mkimya, anayesafisha miwani yake kwa shati kila akitaka kufikiri. Utafiti wake ulihusu ngitili. Msukuma hahitaji kuelezwa ngitili, lakini kwa wengine nitasema: ni eneo la malisho na miti ambalo kijiji au ukoo unalifunga wakati wa mvua, hakuna kuingiza ng'ombe, hakuna kukata, ili kiangazi kikibana majani yawepo. Siku hizi ngitili zinaliwa. Wakataji wanaingia kwa shoka, magogo yanapakiwa kwenda kushikilia kuta za maduara huko Geita, na matawi yanageuka mkaa. Daktari alitaka kujua watu wanaithamini ngitili kiasi gani. Thamani ya ng'ombe utaiona mnadani, ila ngitili haiendi mnadani. Kwa hiyo unamuuliza mtu: je, kaya yako ingekuwa tayari kutoa mahindi haya kila mavuno, ili walinzi walipwe na ngitili ibaki? Kaya hii inatajiwa nusu debe, ile debe zima, nyingine madebe mawili, nyingine gunia. Kishkwambi ndicho kinachochagua kaya ipi itajiwe kipi.

Siku ya mafunzo Daktari alituambia jambo moja nikalishika. Alisema hatari ya utafiti wa namna hii ni jibu lenyewe. Mtu anaweza kukwambia ndiyo kwa sababu kusema hakumgharimu kitu, au kwa sababu hataki kukuudhi. "Kwa hiyo," akasema, "ninapima ngitili, na pia ninapima majibu ya watu, kama ni ya moyoni au ya mdomoni." Nikajisemea moyoni, huyu aje awapime wajomba zangu siku ya harambee.

Tulikwenda vijiji vingi mbele ya Tinde. Kote mambo yalikwenda kama Daktari alivyotarajia: kwenye nusu debe wanakubali wengi, kwenye debe wanapungua, kwenye gunia wanakuambia wewe dada unaumwa. Halafu tukafika Mwalugesha.

Mwalugesha, Violeth alifanya kile ambacho mafunzo hayakumfundisha. Alisalimia. Simaanishi shikamoo na marahaba ya kupita njia. Alisalimia Kisukuma chote: mwangaluka, mhola, yaani salama, kwenu mhola, ng'ombe mhola, wewe ni wa nani, baba yako ni nani, babu yako alihamia kutoka wapi, umeolewa wapi. Na wenyeji nao wakikuuliza hivyo, hujibu nusu. Akasema ni ng'wana Maduhu, mtoto wa Maduhu, wa Kishapu, aliolewa Geita, akapigwa, akamwacha mume huko na kuja na mtoto wake mjini. Akina mama wakapiga vigelegele vya huruma, kama vipo. Mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, mama Zipora, akamshika mkono na kumwambia kwa Kiswahili chake cha kulazimisha, "Umefika kwenu." Nikapewa na mimi matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando, nikala garini nikilalamika kwamba tunachelewa. Kila kaya ilikuwa hivyohivyo. Salamu ndefu, mkeka, kikombe, ndipo maswali.

Jioni tukarudi na kazi imekamilika. Wiki iliyofuata ndipo moto ulipowaka.

Msimamizi wetu aliitwa Evance. Kijana wa mjini, kazi anaijua, lakini mdomo wake unatangulia mbele ya akili kama kwato za mbuzi mbele ya mkia. Alifungua majibu ya Mwalugesha ofisini, pale Ngokolo tulipopanga nyumba, wadadisi wote wakiwepo. Akasema, "Dada Violeth, njoo uone maajabu. Nusu debe, ndiyo. Debe, ndiyo. Gunia, ndiyo. Kijiji kizima hakuna aliyesema hapana! Hii ni data au ni ugali? Umeipika."

"Sijapika," Violeth akasema. "Ndivyo walivyonijibu."

"Uliketi kivulini na dereva wako mkajaza."

Ebo! Dereva wake! Nikasimama. Maneno niliyoyasema siyarudii hapa, wajukuu watasoma. Evance akanijibu kwamba dereva na mdadisi ni pua na mdomo, ushahidi wangu haumsaidii mtu. Kishkwambi kilikuwa kimeandika mahali tulipopita, hilo alilikubali, lakini akasema hiyo inaonyesha gari lilifika, haionyeshi kama mtu aliulizwa. Tukaambiwa tukapumzike wote wawili mpaka ukaguzi ufanyike. Na akasema wazi: ikithibitika, mkataba umekwisha, na wenzake wa tafiti nyingine atawapa jina la Violeth. Wadadisi wenzake wakatazama chini. Hilo lilimuuma Violeth kuliko mkataba.

Evance akaenda Mwalugesha kwa gari jingine, mwenyewe, amevaa miwani yake myeusi. Alichukua kaya zilezile. Kwanza aliwaonyesha picha ya Violeth kwenye simu: je, dada huyu alikuja kwako kukuuliza maswali? Akarudi jioni na jibu moja. Hakuna aliyemjua. Kaya hii, hatumjui. Kaya ile, hatujawahi kumwona. Mama Zipora, tuliyekula matobolwa yake, alimwapia. Evance akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mwigulu, aliyetupokea kwa mikono yake miwili. Mzee naye akasema, "Violeth yupi? Hapa hajafika mtu wa jina hilo."

Nilipoelezwa nilikaa kitandani kama mtu aliyepigwa nyundo. Haki ya Mungu, kwa muda nilijiuliza kama mimi mwenyewe nilikwenda. Martina akaniambia, "Si ulirudi na harufu ya maziwa mgando? Ulikwenda." Mke mzuri ni dawa.

Violeth ndiye aliyenitisha. Nilimkuta chumbani kwake anakunja nguo za Nelly na kuziweka kwenye begi. Hakuwa analia. Nikamwambia mama Nelly, acha, haki haizami. Akasema, "Kaka Abel, watu wale walinishika mkono. Mama Zipora aliniambia nimefika kwetu. Kama hao wamenikana, mimi nitamwambia nani nini?" Alikuwa amekwisha kumpigia shoga yake wa zamani Geita kumuuliza kama mwaloni bado wanachukua watu. Shoga akamjibu hawajawahi kuacha kuchukua. Niliiona mikono yake ikikunja gauni dogo la bluu, na nikaogopa kuitazama sana.

Asubuhi Daktari Deusdedit akatuita. Evance alikuwepo na barua ya kusitisha mkataba ilikuwa mezani. Daktari hakuigusa. Alivua miwani akaanza kuisafisha kwa shati. Akasema, "Evance, wewe umeleta jibu moja, na mimi nimelitazama usiku. Kijiji kizima kilisema ndiyo kwa Violeth. Sasa kijiji kizima kimesema hapana kwako. Mbona wewe la kwanza linakushangaza na la pili halikushangazi?"

Evance akasema la pili ni ukweli.

"Labda. Lakini watu wa kaya tofauti, wenye tabia tofauti, wakijibu kwa mdomo mmoja, mimi nauliza kitu gani kimewafunga mdomo huo. Umenileta kwenye jambo ninalolichunguza. Twende wote. Violeth naye aje, na Abel aendeshe."

Nikawasha gari kwa hasira na furaha pamoja, jambo ambalo ni baya kwa klachi.

Violeth alikaa nyuma na kuangalia dirishani. Tulipopinda kuingia Mwalugesha nikaona kitu ambacho sikukielewa: mtoto mmoja akakimbia mbele yetu akipiga kelele, na milango ikaanza kufungwa. Nikasimamisha gari nje ya boma la mama Zipora. Evance akashuka kwanza na miwani yake. Mama Zipora akatoka na mwiko mkononi, akajaza mlango wote, na kabla hajasalimiwa akasema, "Nimeshakuambia hatumjui! Wewe baba una masikio ya nini?"

Ndipo Violeth akashuka.

Mwiko ukaanguka. "Ng'wana Maduhu!" Mama yule alikimbia, na sikujua mwili ule unaweza kukimbia. Alimkumbatia Violeth mpaka kilemba kikamtoka. Akamgeuza huku na huku, anamkagua uso, mikono, shingo. "Amekupiga tena? Amekuleta kwa nguvu? Sema, mwanangu, tuko hapa, sungusungu wataitwa sasa hivi!"

"Nani anipige, mama?"

"Si huyu mumeo!" Akamnyooshea kidole Evance.

Jamani. Jamani! Mimi nilishika usukani nikacheka mpaka nikapiga honi kwa paji la uso. Evance alivua miwani. Mlango mmoja ukafunguka, na mwingine, watu wakaja. Mzee Mwigulu naye akafika na fimbo yake, na ikabidi aeleze. Mwanamke amekuja kwao, amesema amemkimbia mume anayempiga huko Geita. Siku chache baadaye anakuja mwanamume kijana na gari, miwani myeusi, ana picha yake kwenye simu, anauliza nyumba kwa nyumba: mmemwona huyu? Alikuja kwako? Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mwaka uliopita, mzee akasema, alikuja mume mmoja hivyohivyo, kwa nia njema wakamwonyesha mkewe alikojificha, na mpaka leo wanajuta. Kwa hiyo neno likapita kutoka boma hadi boma haraka: hatumjui. Hata kwenye simu, hatumjui.

"Sisi tulikuficha, mwanangu," mama Zipora akamwambia Violeth. "Tulikuficha vizuri sana!"

Violeth akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Alikuwa anasema, "Mlinificha. Mungu wangu, mlinificha." Na mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Zile siku zote alizoamini watu wamemtupa, walikuwa wamemzunguka kama boma.

Daktari alisubiri mpaka tulipopewa viti na maji. Kisha akauliza swali lake taratibu, kwa kuwa mtafiti ni mtafiti tu. "Mama, nimefurahi sana. Sasa niambie, ulimwambia Violeth kwamba ungetoa gunia zima la mahindi kila mavuno kwa ajili ya ngitili. Ni kweli?"

Mama Zipora akamtazama kama aliyeulizwa kama anaruka angani. "Gunia? Mimi? Na wajukuu wale sita wale nini, mawe?"

"Lakini ulisema ndiyo."

"Baba, mtoto wa watu amekuja na jua hilo, amepigwa na mume, anaomba kwa adabu. Nimwambie hapana? Nimkatishe tamaa na kazi yenyewe ameipata juzi?" Akageuka kwa majirani. "Kuna mtu hapa angemwambia hapana?" Wote wakasema hakuna.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ndivyo tunavyosema. Kumbe na kusema utatoa nako ni moyo, ila moyo huo haulipi mlinzi. Violeth aliinama. Nilimwona anaelewa kwamba alikuwa mkweli kwenye kazi yake, na hata hivyo majibu yote aliyokusanya yalikuwa zawadi kwake. Nusu ya uso wake ilikuwa na furaha, nusu haikujua iweke wapi hilo. "Basi kazi yangu haifai, Daktari," akasema.

"Haifai kwa ngitili," Daktari akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kwa ile nyingine, ya majibu ya mdomoni, hujui umenipa nini. Nimekuwa nikikitafuta kitu hiki kwa kuwauliza watu, na watu hawawezi kukuambia. Tutarudia hapa. Kwa siri safari hii."

Siri yenyewe ilikuwa rahisi. Kila kaya iliwekewa kibuyu chenye shingo nyembamba nyuma ya nyumba, na kila mkuu wa kaya akapewa punje za mahindi. Punje moja ni nusu debe, mbili ni debe, na kuendelea. Kama hutaki kutoa, usitie kitu. Unaingia mwenyewe, unatia, unatoka, na hakuna wa kukutazama usoni, awe ng'wana Maduhu au awe nani. Violeth aliwaeleza kwa Kisukuma, tena akawaambia, "Ukitia sifuri, mimi bado ni mtoto wenu." Mzee Mwigulu akasema hilo ndilo lililokuwa linamsumbua.

Vibuyu vilipofunguliwa, kwa kaya nyingi kulikuwa na punje moja au mbili, baadhi hazikuwa na kitu, na chache zilizidi. Daktari alifurahi kama amepata dhahabu. Alisema hiyo ndiyo Mwalugesha, na kwamba punje hizo, ukizijumlisha kaya kwa kaya, zinatosha kulipa walinzi wawili. Wakati tunapakia, mwenyekiti alikuwa tayari anabishana na vijana wake nani atakuwa mlinzi.

Kabla hatujaondoka Evance alimfuata Violeth pembeni ya gari. Tulikuwa tunasikia wote. Akasema, "Dada Violeth, nimekukosea. Nilikuita mpishi wa data. Nisamehe. Yameisha?"

Sote tunajua jibu la swali hilo. Kwa mila yetu mtu akikuomba hivyo mbele ya wazee, unasema yameisha, hata kama moyoni hayajaisha. Mama Zipora alikwisha kuanza kuitikia kwa kichwa kumsaidia kukubali. Mimi nilifungua mdomo nijibu kwa niaba yake ili tuwahi njia.

Violeth akasema, "Hapana. Bado hayajaisha."

Evance, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono, akaurudisha.

"Uliniita mwongo mbele ya wenzangu, ofisini. Huku hawakusikia. Ukinisafisha kule ulikonichafua, uniulize tena." Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyosoma swali kwenye kishkwambi, neno kwa neno.

Nilidhani kijana atanuna. Hakununa. Jumatatu asubuhi, wadadisi wote wakiwa wamekaa, Evance alisimama mbele akaeleza tangu mwanzo: jinsi alivyohukumu kabla ya kuuliza, jinsi kijiji kilivyomdhania mume mkatili, na kwamba Violeth hakupika hata jibu moja. Barua ile aliichana mbele ya macho yetu. Wale waliotazama chini siku ile sasa walitazama juu, na mmoja akaanza kupiga makofi. Violeth alikaa na mikono yake mapajani. Ilikuwa imetulia.

Kisha Evance akamgeukia na kumuuliza, "Sasa, dada. Yameisha?"

Violeth alifikiri kwanza, kama mtu aliye nyuma ya nyumba peke yake na kibuyu. Halafu akasema, "Yameisha." Na mimi niliyemjua nikajua yameisha kweli.